Ulinganisho: Katoliki, KKKT, Anglikana, Sabato na Pentekoste kwa anayehamia Moshi mjini

Mhamiaji wa Pasua

Wakuu, habari za jioni. Kila Januari watu wanaingia Moshi kwa kazi au masomo, wengine wanarudi nyumbani baada ya miaka ya Dar, na swali ni lile lile: nisali wapi? Majibu huwa ya ushabiki kama Simba na Yanga. Humu tulinganishe mambo yanayoshikika. Unaingiaje, unatoa nini, mtoto anabatizwaje, ndoa inataka karatasi gani, na siku ukifa nani atakuja kukuzika.

Mfano wa kufanyia hesabu: mume Mlutheri wa Machame, mke Mkatoliki wa Kibosho. Wanaishi pamoja mwaka wa tatu bila ndoa, si ya kanisani wala ya bomani. Mtoto wa miezi minane hajabatizwa. Wamepanga nyumba Pasua, mtaa wa Moshi mjini. Anayelijua kanisa lake aeleze kwa undani. Habari za nani ataingia mbinguni tumwachie Mwenyewe.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Nianze na Katoliki maana huku ndiko karatasi ziliko nyingi.

Kosa la kwanza la mgeni ni kwenda moja kwa moja ofisini kwa paroko. Atapokewa vizuri, kisha atarudishwa mtaani kwake, kwa sababu mlango wa parokia ni jumuiya ndogondogo. Muulize jirani jumuiya inasali wapi na saa ngapi. Ziko za alfajiri ya Jumamosi, ziko za jioni. Nenda na barua ya utambulisho kutoka parokia unayotoka, mwenyekiti akuandike kwenye daftari, upewe kadi ya zaka. Kuanzia hapo karibu kila fomu, ya ubatizo, ya ndoa au ya mazishi, ina nafasi ya sahihi ya mwenyekiti huyo. Mtu anaweza kusali kanisa kuu la Kristo Mfalme kila Jumapili miaka mitano, benchi la mbele, na mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wake akasema hamfahamu. Na hatakuwa amedanganya.

Ubatizo wa mtoto: wazazi na wasimamizi wanahudhuria mafundisho kabla. Msimamizi awe Mkatoliki aliyepata kipaimara, awe ametimiza miaka 16, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mmoja anatosha, wakiwa wawili ni mwanamume na mwanamke. Hapa ndipo familia za mchanganyiko zinapokwama. Baba anamteua kaka yake Mlutheri kuwa baba wa ubatizo, keki imeshaagizwa, ndipo ofisi inasema haiwezekani. Inawezekana nusu: Mlutheri aliyebatizwa anaweza kusimama kama shahidi pembeni ya msimamizi Mkatoliki. Yeye peke yake haiwezekani.

Je, wazazi wasio na ndoa wanabatiziwa mtoto? Sheria ya Kanisa inataka ridhaa ya mzazi mmoja walau, na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Ndoa ya wazazi haimo kwenye masharti hayo. Ila maparoko wengi huitumia nafasi hiyo kuwasukuma wazazi waanze safari ya ndoa, na mimi siwalaumu.

Cheti cha ubatizo kitunzeni. Namba ya LB iliyoko pale ni namba yako kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia, na kitabu hakihami. Mke wa mfano huu kama alibatizwa Kibosho, atakufa akiwa na kumbukumbu Kibosho hata akihamia Mtwara. Kipaimara chake na ndoa yake vitaandikwa pembeni ya jina lake huko huko. Ndiyo maana wakati wa ndoa hakitakiwi kile cheti cha zamani kilicholaminishwa. Wanataka kipya, kilichotolewa ndani ya miezi sita, chenye maelezo ya nyuma yanayoonyesha hajafunga ndoa nyingine.

Bahasha 212

Bwana Yesu asifiwe. KKKT, yaani Walutheri, Dayosisi ya Kaskazini, makao yake yako hapa hapa Moshi.

Ukihama unabeba barua ya uhamisho kutoka usharika wako wa zamani. Huyu baba wa Machame kama bado jina lake liko usharika wa kwao, Pasua ni mgeni tu mpaka barua ifike. Usharika una mitaa, na kila eneo lina mzee wa kanisa anayewajua watu wake. Ukishaandikishwa unapewa namba ya bahasha na unaandika ahadi ya mwaka. Namba hiyo ndiyo inayokutambulisha kwenye vitabu vya mhasibu, kwa hiyo sadaka uliyodumbukiza bila bahasha Mungu ameiona lakini usharika haujaiona. Wanaotuma kwa simu wakumbuke kuandika namba ya bahasha kwenye kumbukumbu ya muamala, la sivyo fedha inaingia kama sadaka ya kawaida na mwisho wa mwaka unaonekana unadaiwa ahadi yote.

Wageni wengi hawajui mnada. Baada ya ibada msiondoke haraka. Waliotoa sadaka ya vitu wameleta mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai, boga, chupa ya maziwa. Mzee wa kanisa anainua kuku mmoja mkononi, anataja bei ya kuanzia, watu wanapandisha. Aliyeshinda analipa, kisha mara nyingi anasema "narudisha", kuku ananadiwa tena. Trei moja ya mayai yaweza kununuliwa mara tatu kabla haijafika jikoni kwa mtu. Ukitaka ndizi za bei poa nenda soko la Mbuyuni. Mnada ni kutoa.

Kwa wanaoishi pamoja bila ndoa: Meza ya Bwana hawashiriki. Njia yao inaitwa kurudi kundini, wanazungumza na mchungaji, wanapewa mafundisho, wanarudishwa mbele ya ushirika, kisha ndoa inabarikiwa. Haina haja ya ukumbi wala msafara wa magari. Wengi wanachelewa miaka kumi wakisubiri fedha za sherehe, wakati kubariki ndoa kwenyewe ni sehemu ya ibada na watu wawili wa kushuhudia.

Kipaimara cha watoto ni miaka miwili ya mafundisho, kwa kawaida Jumamosi. Ukihama katikati ya mwaka wa pili omba mwalimu wa zamani aandike mtoto amefika wapi na mahudhurio yake, vinginevyo ataanza upya na watoto waliomzidi udogo.

Mwana wa Uru

Kabla hamjaenda mbali, mgeni aelewe ramani, maana ndiyo inayotawala mazishi na vikao vya ukoo. CMS, wamisionari wa Kianglikana wa Uingereza, walikuwa Old Moshi kuanzia 1885 wakaondoka 1892 mambo yalipochacha na utawala wa Kijerumani. Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame 1893. Mapadre wa Roho Mtakatifu walishafika Kilema mwanzoni mwa muongo huo, wakaenda Kibosho 1893. Mmisionari alikaa kwa Mangi, yaani mtawala wa Kichagga, aliyempokea, watu wa Mangi wakafuata. Ndiyo sababu hadi leo ukisema Machame, Old Moshi, Marangu au Mwika mtu anasikia Lutheri. Ukisema Kibosho, Uru, Kilema au Rombo anasikia Katoliki. Si kwa asilimia mia, lakini ukimwambia mzee wa Kibosho kwamba mkwe wake anatoka Machame, swali la pili baada ya "wa nani?" ni la kanisa.

Mjini mambo yamechanganyika. Bondeni, Njoro, Majengo, Soweto, Pasua, kila mtaa una kila kitu. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo huko milimani, ndivyo havijachanganyika.

Mpare wa Same

Happy Sabbath ya mapema kwa wanaohusika, na wengine nawasalimu.

Wasabato tuliingia nchi hii kupitia kwetu, milima ya Pare, mwaka 1903. Makao ya Unioni ya Kaskazini sasa yako Njiro, Arusha. Moshi tupo mitaa mingi.

Kulinganisha kwa haki: Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama, ambapo kwa Moshi ni kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro jioni kutegemea mwezi, hadi Jumamosi jua linapozama. Huo si muda wa ibada tu. Hakuna duka, hakuna kazi, hakuna masomo ya ziada. Kabla hujaamua angalia ratiba ya kazi na shule ya mtoto. Shule nyingi binafsi mjini zina masomo au majaribio Jumamosi asubuhi, na barua ya kumwombea mtoto ruhusa inatakiwa ipelekwe mwanzo wa muhula, si Ijumaa mchana.

Ibada: Shule ya Sabato kwanza, kila mmoja na lesoni yake ya robo hiyo, kisha ibada kuu, na mchana vipindi vinaendelea. Watu wanabeba chakula. Meza ya Bwana ni mara moja kwa robo, inatanguliwa na kutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Divai ni juisi ya zabibu isiyochachuka.

Zaka ni sehemu ya kumi, na haibaki kanisani kwako. Inapanda konferensi, ofisi iliyo juu ya makanisa ya mtaa, ndiko wachungaji wanakolipwa. Umeme, bati na kinanda cha kanisa la mtaa vinatoka kwenye sadaka. Mgeni asiyejua hilo huona kanisa linakusanya zaka nzuri na dari inavuja, akaanza maneno.

Kwa familia ya mfano: mtoto habatizwi, anawekwa wakfu. Wazazi wote wawili watabatizwa upya kwa kuzamishwa baada ya darasa la Biblia, na kabla ya maji watatakiwa wawe na ndoa halali. Halafu kitimoto na mbege vinakoma. Hili la mwisho ni dogo kulisema na kubwa kuliishi Uchagani, maana mbege haiko baa tu, iko kwenye kila kikao cha ukoo. Jiandae kushika kibuyu cha soda.

Uhamisho wa Msabato hautembei mfukoni. Karani wa kanisa jipya ndiye anayemwandikia karani wa kanisa la zamani, jina linasomwa, linapigiwa kura, barua inakuja, inasomwa tena huku. Barua ina uhai wa miezi sita. Ikilala kwenye droo ya karani ikapita muda, mnaanza upya.

Katekista Mstaafu

Mpare umegusa jambo ambalo ndilo kiini cha ulinganisho wote: ubatizo wa nani unakubalika wapi. Watu huanza na kwaya na mahubiri, wakati huu ndio mlango usiorudi.

Mlutheri au Mwanglikana akija Katoliki habatizwi tena. Analeta cheti, anafundishwa, anapokelewa, na anapewa kipaimara, kwa sababu kipaimara cha kwao hakihesabiki kwetu kama sakramenti. Mkatoliki akienda KKKT naye habatizwi tena, ni mafundisho na kupokelewa. Kati ya hao watatu unaweza kwenda na kurudi na ubatizo wako ni ule ule. Sabato na Pentekoste hawaukubali ubatizo wa utotoni. Ukiingia huko unabatizwa upya, na siku ukitaka kurudi, Katoliki haiutambui ule wa pili kwa kuwa inaushikilia wa kwanza. Kwa hiyo anayejaribu "kuonja" makanisa aonje kwa miguu, asionje kwa maji.

Mkesha wa Ijumaa

Bwana asifiwe sana wapendwa. Kwetu tunaita ubatizo wa maji mengi, na mwalimu hapo juu amesema sawa, mtu asiingie kwa kusukumwa na rafiki.

"Pentekoste" si kanisa moja. Kuna madhehebu yenye muundo wa taifa kama TAG, EAGT na FPCT, ambapo mchungaji ana viongozi juu yake, anaweza kuhamishwa, anaweza kuitwa kujieleza. Kuna huduma binafsi ambayo mwanzilishi ndiye mchungaji, mkewe ndiye mhazini, na kiwanja kimeandikwa jina lake. Ndani ya ibada huwezi kuzitofautisha: vinanda vile vile, sifa na kuabudu, maombezi, ibada ya muda wa saa tatu hadi nne. Zinatofautiana siku ya mgogoro. Mchungaji akianguka kwenye kanisa lenye muundo, analetwa mwingine. Kwenye huduma binafsi waumini wanagawanyika, na mliochangia mabati hamna pa kushtaki.

Maswali ya kuuliza bila aibu. Cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, kiko wapi? Tawi linatumia cha kanisa mama, sawa, waonyeshe. Nani anahesabu sadaka, na wangapi? Mapato yanasomwa lini? Mchungaji ana leseni ya kufungisha ndoa? Wenye majibu hawakasiriki.

Utoaji: fungu la kumi, malimbuko ya Januari, sadaka za kawaida. Malimbuko kuna wanaofundisha ni mshahara wote wa mwezi wa kwanza. Kama mafundisho hayo huyakubali, jua mapema, usisubiri Januari na ada za shule. Chochote kinachouzwa, maji, mafuta, kitambaa, mimi binafsi hukaa mbali nacho. Na kwenye mikutano mikubwa tazama milango kabla ya jukwaa. Februari 1, 2020 hapa hapa Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta yaliyomwagwa chini. Ukiwa na mtoto mgongoni kaa pembeni karibu na njia ya kutokea, na tangazo la "wote njooni mbele" likitolewa usiende na wimbi.

Sifa ya kweli ya huku: ukiugua, kanisa la nyumbani, yaani kikundi cha waumini wa mtaani kwako, linajua siku ya pili. Hakuna fomu. Mgeni asiye na ndugu Moshi atapata watu haraka kuliko mahali pengine popote.

Bahasha 212

Kaka, hapo kwenye "kuliko mahali pengine popote" umepitiliza. Jumuiya zetu nazo zinatembelea wagonjwa.

Mkesha wa Ijumaa

Zinatembelea, dada. Baada ya kumaliza muhtasari wa kikao kilichopita.

Afisa Vyeti

Nacheka hapo juu. Nije kwenye sheria, maana ndipo watu wanaumia.

Ndoa ya kanisani inatambulika kisheria endapo mfungishaji ana leseni na cheti kilichojazwa ni kile cha serikali, kutoka kwenye vitabu vya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Cheti cha kanisa chenye maua pembeni na picha ya njiwa ni kumbukumbu nzuri ya sebuleni. Katoliki, KKKT, Anglikana na Sabato mara chache utakuta tatizo hilo, ingawa hata huko mchungaji mgeni aliyetoka dayosisi nyingine au nchi nyingine inabidi aulizwe. Vikanisa vidogo ndiko linakotokea: mchungaji mpya, leseni hana, anafungisha kwa imani. Mnagundua miaka minne baadaye mkimwandikisha mwenza bima ya afya au mkiomba viza.

Jambo la pili, siku 21. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Watu huchukulia kwamba matangazo ya Jumapili tatu yamemaliza kazi. Hesabu kwa vidole: tangazo la kwanza Jumapili, la tatu ni siku ya 14 baadaye, na Jumamosi inayofuata ni siku ya 20. Umepungukiwa siku moja. Dawa yake ni kupeleka fomu wiki moja kabla ya tangazo la kwanza, na kuhakikisha tarehe iliyoandikwa ni ya siku uliyoipeleka, si ya siku karani alipoifungua.

Ndoa ya bomani ni halali kabisa kwa nchi. Ila haimrudishi mtu kwenye Komunyo wala Meza ya Bwana, bado kanisa lina utaratibu wake.

Mhamiaji wa Pasua

Asanteni sana. Sasa ndoa ya hawa wawili wa mfano. Nimesikia Mlutheri analazimishwa kusaini kwamba atakuwa Mkatoliki.

Katekista Mstaafu

Si kweli, na maneno hayo yamevunja nyumba nyingi bure. Anayeahidi ni mke, upande wa Katoliki: kwamba atatunza imani yake na atafanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mume anafahamishwa tu kuhusu ahadi hiyo. Habadilishwi dini.

Kwa kuwa wote wamebatizwa, inahitajika ruhusa ya askofu ya ndoa mseto. Paroko ndiye anayeiandikia. Angekuwa hajabatizwa kabisa ingehitajika dispensasio, yaani kuondolewa kizuizi cha ndoa, jambo jingine na zito zaidi. Wakitaka ifungwe kwenye usharika wa mume, hilo nalo lina njia yake: mke aombe kwa askofu aondolewe sharti la kufunga kwa utaratibu wa Katoliki. Asipoomba, akafunga tu KKKT, serikali na Walutheri watamwona ana ndoa, parokia yake itamwona hana, na Komunyo atanyimwa. Barua moja tu ndiyo tofauti.

Mama wa Longuo

Na matangazo yasomwe pande zote mbili, parokia na usharika. Mnasahau usharika wa Machame.

Kinanda

Wanaotafuta kanisa kwa muziki nao wapo, tusiwadharau. Misa ya Jumapili yenye kwaya huchukua muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili. Misa ya kwanza ya alfajiri ndiyo fupi na ndiyo inayojaa wenye biashara Kiboriloni. KKKT ibada huchukua saa mbili na zaidi, ongeza mnada. Tarumbeta za sharika za milimani ukizisikia siku ya kipaimara utaelewa kwa nini watu wanapanda Machame. Kwaya za Katoliki na KKKT zinataka msomaji wa nota, au walau sol-fa, na mazoezi siku mbili au tatu kwa wiki. Pentekoste ukijua kupiga besi au ngoma utawekwa jukwaani haraka mno, jambo ambalo si zuri kwako wala kwao. Gharama ambayo hakuna anayekutajia ni sare. Kwaya inashona za Pasaka na za Krismasi, na vitenge vya safari ya uinjilisti. Uliza kabla ya kupima urefu.

Mtaa wa Mt. Margaret

Waanglikana tumesahaulika kama kawaida. Dayosisi ya Mlima Kilimanjaro, makao Arusha, na Moshi tunalo la Mt. Margaret. Tunabatiza watoto, kipaimara anatoa askofu, ibada ina liturujia lakini dayosisi hii ni ya mapokeo ya kiinjili, kwa hiyo asitarajie ubani na kengele kama Mwanglikana wa Zanzibar au Masasi. Faida na hasara ni moja: tuko wachache. Mchungaji atakujua jina ndani ya mwezi. Kwa upande wa pili, kazi zote zinafanywa na watu wale wale, utakuwa mzee wa kanisa, mhazini na msimamizi wa Shule ya Jumapili kabla hujapata kiti cha kudumu.

Kwa familia hii ya mfano siwashawishi. Kuhamia kanisa la tatu ili kukwepa ugomvi wa makanisa mawili huleta kikao cha ukoo chenye pande tatu.

Mwana wa Uru

Sasa mazishi, kwa sababu bado hamjayagusa sawasawa. Mchagga akifia Pasua hazikwi Pasua. Anapelekwa kihambani, na anayezika ni kanisa la huko juu, si la mjini. Kwa hiyo karatasi zinapanda: mwenyekiti wa jumuiya anaandika kwenda kwa paroko wa mjini, paroko wa mjini anaandika kwenda kwa paroko wa kijijini. KKKT vivyo hivyo, usharika kwa usharika. Haya yanafanyika siku mbili tatu za msiba, simu zikiita, mwili uko mochwari. Jumuiya isipomfahamu marehemu ndipo mnasikia "padre hatakuja, atakuja katekista", na familia inaona imeaibishwa.

Kwa walokole na Wasabato ambao ukoo ni wa Lutheri au Katoliki kuna ugumu wa ziada. Kanisa lake la mjini linakuja na basi zima, ukoo nao umeshamwita mchungaji wao, na kipaza sauti ni kimoja. Ziko familia zinazogawana: ibada ya kuaga mjini kwa kanisa la marehemu, ibada ya kaburini kwa kanisa la nyumbani, au kinyume. Vyovyote iwavyo mhusika aandike mapema anavyotaka kuzikwa, asaini, ampe ndugu mmoja wa ukoo na kiongozi mmoja wa kanisa. Na Wasabato hukwepa kuzika Jumamosi, kwa hiyo anayepanga siku ya mazishi asikodi viti na maturubai kabla hajawauliza.

Kwa mke wa mfano, kule Machame atazikwa kwenye kihamba cha mume. Kama atabaki Mkatoliki, parokia itakayopanda kumzika ni ipi? Waijue leo.

Mpare wa Same

Hapo umenifunga mdomo.

Mhamiaji wa Pasua

Nimeandika yote. Swali la mwisho: waanze na ubatizo wa mtoto au ndoa? Bibi wa Kibosho anataka mtoto abatizwe Krismasi hii.

Katekista Mstaafu

Waanze na jumuiya wiki hii, kabla ya yote mawili, maana ikifika Desemba watu wote wa Dar wako huku na ofisi za parokia zimefurika. Kwenye wiki hiyo hiyo mume aombe barua ya uhamisho na cheti chake Machame, mke amtume mdogo wake Kibosho akiwa na jina kamili, jina la baba, mwaka na namba ya LB kama anaikumbuka. Bila mwaka wa ubatizo karani atafungua vitabu mpaka jioni. Paroko aelezwe habari za ndoa na za mtoto siku moja, mume akiwa amekaa pale pale. Akishaona fomu ya ndoa mseto imefunguliwa, suala la mtoto kubatizwa Krismasi huwa rahisi zaidi kuzungumzika. Wakianza na mtoto peke yake, wataulizwa habari za ndoa na watatoka wakinuna.

Ndoa yenyewe wasiitafute Kwaresima. Parokia nyingi hazifungi. Baada ya Krismasi nafasi zinagombaniwa. Baada ya Pasaka kanisa liko wazi.

Bahasha 212

Bibi wa Machame ameulizwa?

Mhamiaji wa Pasua

Bado.

Bahasha 212

Basi Jumapili hii wapande wote watatu, mtoto akiwemo. Wabebe sukari na majani ya chai. Waende baada ya ibada, si kabla, na wasitangulize neno "Katoliki" kwenye salamu.